Chupa ya Mtoto wa Fiston

Alhamisi. Joto, na anga ina rangi ya vumbi. Mawingu ya mvua ya kwanza yanakuja kila alasiri, yanajikusanya upande wa bwawa la umeme la Nzilo, yanatutazama, kisha yanaondoka zao. Tumeyachoka.

Kichwa changu ni kizito na mikono inanuka javel, dawa ya kuua vijidudu. Umeme umekatika tangu jua lizame, kwa hiyo naandika kwenye simu, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango wangu hapa Manika, Kolwezi, kabla betri haijaniacha. Nyinyi wachache mnaonisoma mnajua tabia yangu: nikiwa na huzuni naandika Kiswahili cha vitabu. Kile cha nyumbani kinaniliza haraka.

Leo ilinibidi niamue chupa moja iende wapi. Kwa Dokta, au kwa Mama.

Ni chupa ndogo ya plastiki, bapa, inayoenea kwenye kiganja. Ndani yake kuna maji ya rangi ya waridi, na chini kabisa, zimejibandika kwenye sakafu ya chupa, kuna seli ambazo jicho haliwezi kuziona bila darubini. Zilitoka kwenye kamba ya kitovu ya mtoto wa mdogo wangu, Fiston. Fiston mwenyewe hayupo. Alifia ndani ya shimo la madini kiangazi hiki, mtoto akiwa bado tumboni, na shimo halikumrudisha. Wenzake walichimba, udongo ukaanguka tena, na baadaye tingatinga likapita juu na kusawazisha pale pote. Ukienda leo utaona uwanja mtupu wa udongo mwekundu, wala hakuna wa kukuonyesha ni wapi hasa.

Hatuna kaburi.

Ngoja nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nalilia plastiki. Mimi ni mfanyakazi wa maabara. Si daktari, ingawa majirani huniletea watoto wenye homa na hawakubali nikikataa. Maabara yetu ni vyumba viwili nyuma ya hospitali, na tunachotafuta ni jambo ambalo kila mama wa Kolwezi angependa kulijua: vumbi la madini linafanya nini kwenye mishipa ya damu ya mtoto ambaye hajazaliwa. Wajawazito wanaokubali hutupatia kamba ya kitovu wakishajifungua. Ndani ya kamba kuna mshipa mmoja mpana, na ukuta wa ndani wa mshipa huo umetandikwa seli. Tunazitoa, tunazilisha, tunazifuga kwenye kabati la joto mpaka zijae chupa. Kamba yenyewe, ikishatoa seli zake, inakwenda kwenye tanuru la hospitali pamoja na taka nyingine.

Watu wakisikia neno kemikali wanafikiria dawa au wanafikiria sumu. Nyingi tulizo nazo tunazitumia kama vifaa vya kazi, kama fundi anavyotumia bisibisi na koleo. Kuna moja inayobandua seli mahali zilipojishikiza bila kuziua. Kuna nyingine inayofunga mlango mmoja tu wa seli, na wewe unakaa unatazama ni nini kinakwama nje. Hakuna mgonjwa atakayezimeza. Unaiuliza seli swali kwa kemikali, nayo inakujibu kwa jinsi inavyohangaika.

Kifaa chetu kikubwa kinaitwa kloridi ya kobalti. Ndiyo, kobalti. Ilitufikia kutoka Ulaya katika kichupa kama cha vidonge, ndani ya boksi, ndani ya boksi lingine, na picha ya fuvu juu yake. Nilikwenda na Dokta, mkuu wetu, kuichukua uwanja wa ndege. Ofisa wa forodha akasoma karatasi, akamsoma Dokta usoni, akaita wenzake waje.

"Munaleta cobalt ku Kolwezi?"

Walicheka mpaka wakafuta macho. Dokta ni mtu wa Lubumbashi, mwenye tai hata siku za joto, na hapendi kuchekwa. Alianza kuwaeleza kwamba hii ni safi sana, imepimwa, haina kitu kingine ndani yake. Mmoja wao akamwambia kwa heshima zote, "Tata Dokta, mbele ya nyumba yangu iko mingi. Ungekuya kuniuliza."

Na mimi nilicheka siku ile. Fiston alikuwa hai. Nilipomsimulia jioni alilala chini kwa kicheko, akasema bila shaka ile kobalti ni yeye aliyeichimba, ikaenda kutembea Ulaya, sasa imerudi na viatu vipya na haitusalimu. Kwa muda mrefu baadaye kila akinipigia simu alikuwa anaanza na swali hilo: "Ndugu yangu wa Ulaya eko muzuri?"

Kazi ya hiyo kobalti ni kudanganya. Ndani ya kila seli kuna kipimo kinachoonja hewa, na katikati ya kipimo imekaa chembe ya chuma. Kobalti inakuja, inakalia kiti cha chuma, na kipimo kinapoteza akili. Hewa ipo, kabati zima limejaa hewa, lakini seli inasadiki kwamba imefunikwa. Inaanza kufanya yote yanayofanywa na kitu kinachokosa pumzi. Inabana matumizi. Inabadilisha namna ya kula. Na inatoa kwenye maji yanayoizunguka protini moja ambayo kazi yake ni kuita: mishipa mipya ije, damu ije, njia ifunguliwe. Sisi tunayachukua yale maji na kupima wito huo. Hivyo ndivyo tunavyosema maabara, seli zimeita, hazijaita, leo zimeita sana.

Kabla ya kiangazi hiki lilikuwa neno la kazi tu.

Kwa kawaida kila jaribio lina chupa ya pili ambayo haipewi kobalti, ya kulinganishia. Hiyo inatakiwa kukaa kimya. Mwaka jana za kwetu zilikataa kukaa kimya. Chupa ambazo hatukuzipa kitu nazo ziliita, na Dokta akashuku mashine, akashuku chakula cha seli, mwisho akanishuku mimi. Kumbe ni maji tuliyokuwa tukisafishia, kutoka tangi la paani lililojaa vumbi la machimbo. Ni viatu vyetu. Ni nywele zetu. Tulidhani tunazo chupa zisizopewa kobalti, na hatukuwa nazo hata moja. Mahali pengine popote kosa hilo lisingewezekana. Tangu hapo tunavua viatu mlangoni, maji yanakuja yamefungwa, na kila asubuhi kabla ya kazi naosha nywele. Shangazi zangu waliokuja kwenye kilio cha Fiston waliniona naosha nywele, jambo ambalo mwenye msiba hafanyi, wakanong'ona. Niliwaacha wanong'one.

Nadine, mjane wa Fiston, alijifungua wiki mbili zilizopita. Mtoto ni msichana, anaitwa Gracia, na ana paji la uso la baba yake, pana na lenye dharau kidogo. Mkunga alimwuliza Nadine, kama anavyowauliza wote, iwapo angependa kutoa kamba. Nilikuwa pale, na sikufungua mdomo. Nadine akajibu haraka.

"Mubebe. Bajue ni kitu gani iko natuua."

Mama hakuwepo. Alikuwa bado njiani kutoka kwetu Sandoa, lori lao limezama kwenye mchanga. Niliipokea kamba ikiwa na joto, nikaipa nambari bila jina kama sheria yetu inavyotaka, nikatoa seli kwa mikono yangu mwenyewe. Kilichobaki kilikwenda kwenye tanuru. Sikuona ubaya wowote, na hata leo siuoni. Nadine alikuwa na haki ya kutoa, na mimi nilifanya kazi yangu.

Halafu Mama akafika. Alishuka kwenye lori ameshika kuku mmoja aliyekufa kwa joto, akampokea mjukuu wake, akamgeuza huku na huku, akauliza mambo mawili tu. Ananyonya vizuri? Na kamba yake iko wapi?

Kwetu kamba ya kitovu inazikwa. Ya Fiston ilizikwa nyuma ya nyumba yetu Sandoa, karibu na jiko, na Mama alibeba safari nzima fikra moja: kwa kuwa mwili hakuna, atarudi na kamba ya mtoto na kuizika palepale. Damu ya Fiston ikae pamoja na kitovu cha Fiston, na hapo ndipo pawe kaburi lake. Hajafundishwa hilo na mtu yeyote. Ni yeye aliyekaa akalitafuta mpaka akalipata, kama mtu anavyotafuta kwenye nyumba iliyoungua kitu kinachoweza bado kutumika.

Nilimwambia ukweli, kamba imechomwa. Hakunigombeza. Siku nzima alipika, akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Kesho yake, bila kunitazama, akasema, "Yote?"

Nikasema yote, Mama, isipokuwa seli chache tunazozifuga.

"Hizo ni ya nani?"

Ni za mtoto, nikasema.

"Basi njo hizo nitapeleka."

Lori lake linaondoka Jumamosi.

Siku hizo nilijifariji kwamba itakuwa rahisi. Tulikuwa na chupa nyingine, za akina mama wengine, Dokta angetumia hizo na hii moja ingetoka kimyakimya. Leo asubuhi nimefungua kabati la joto nikakuta ukungu. Umeingia usiku, au siku mbili nyuma tusione, na umekula chupa karibu zote, nyuzi nyeupe zinaelea ndani kama pamba. Moja tu, ya rafu ya juu, ilikuwa safi. Niliigeuza nisome nambari ingawa nilikuwa naijua tayari.

Dokta alikuja akasimama nyuma yangu. Alitazama, akapumua kwa nguvu puani.

"Imebaki moja?"

"Ndiyo, Dokta."

"Basi tutafanya na moja. Leo."

Najua kwa nini leo. Seli hizi hazifugiki sana, zinazeeka mikononi mwako, na ukungu ukishaingia kwenye kabati haungojei ruhusa. Tumeahirisha jaribio hili mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Wenzetu wa Ulaya, wanaotoa fedha, wameshaanza kutuandikia kwa adabu ile ya watu wanaotaka kuacha. Likishindikana tena, kazi itafungwa, na wale wanawake wote watakuwa wametoa kamba zao bure. Na Nadine pia. Alitaka ijulikane ni kitu gani kinatuua.

Nikaomba ruhusa mpaka adhuhuri. Dokta alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza, kisha akasema niende.

Kwenye pikipiki nilipanga hotuba. Nilipanga kumwambia Mama kwamba seli si mtu. Nilipanga kumwambia Nadine kwamba anaweza kuondoa ruhusa yake wakati wowote, na nilipanga kulisema hilo kwa sauti ambayo ingemfanya asiondoe. Ndiyo, na hilo nililipanga.

Nilimkuta Mama uwani kwangu anatwanga sombe, majani ya muhogo, Nadine yuko kwenye mkeka ananyonyesha. Hotuba ilipotea. Nikaketi chini, nikawaeleza jinsi ninavyowaeleza wageni wanaotembelea maabara: chupa, kobalti, kiti cha chuma, seli inayodhani imefunikwa wakati hewa ipo. Mama aliendelea kutwanga. Nadine alisikiliza akiwa ameshika kisigino cha mtoto.

"Zitaumia?" akauliza.

Nikasema hapana. Seli haina mahali pa kuumia. Haijui kitu.

"Lakini itafikiri hakuna pumuzi."

"Ndiyo."

"Na ikifikiri vile, inafanya nini?"

"Inaita," nikasema, na nilipolisikia neno lilikuwa limeshatoka. "Inaita damu ikuye."

Nadine alimtazama mtoto. Gracia alikuwa ameshashiba, mdomo wazi, amelala. Halafu Nadine akauliza, taratibu kabisa, kama anauliza bei ya mkaa:

"Na Fiston? Aliita?"

Kapend, rafiki yake aliyekuwa juu ya shimo siku ile, ameniambia mimi peke yangu. Wanapumua huko chini kwa mpira mrefu unaosukumiwa hewa na mashine. Udongo ulipoanguka mashine ilizimika, lakini mpira haukukatika. Kupitia mpira huo walimsikia. Kapend alinieleza akiwa amekaa kwenye ngazi ya hospitali, mikono imefungwa bandeji kwa sababu ya kuchimba bila jembe, na aliniomba nisimpelekee Mama neno hilo. Nimelibeba tangu kiangazi. Nimelala nalo, nimekwenda nalo kazini, nimepima nalo wito wa seli za watu.

Ningeweza kusema sijui.

"Aliita," nikasema. "Mu mupira ya pumuzi. Kapend alimusikia."

Mchi ulisimama.

"Alisema nini?" Sasa alikuwa Mama.

"Alikuwa analomba pumuzi, Mama. Alisema, munitumie pumuzi."

Hakuna aliyelia. Nilidhani tutalia, nikajiandaa, na hakuna aliyelia. Mama alikaa juu ya kigoda, mikono imepakaa kijani cha sombe, akatazama ndani ya kinu kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo. Kuku wa jirani waliingia uwani wakala majani yaliyomwagika, na hakuna aliyewafukuza. Nilitaka kumshika. Sikumshika, kwa kuwa nilijua angenisukuma, na angekuwa na haki.

Alipozungumza aliuliza swali la kazi.

"Ile cobalt. Kisha kuiweka, munaweza kuiondoa?"

Nikasema tunaweza. Unamwaga yale maji, Dokta anayachukua kwenda kupima. Halafu unasuuza kwa maji safi ya chumvi, unazipa chakula kipya. Kobalti inatoka, kipimo kinarudi, na baada ya muda seli zinajua kwamba hewa ipo. Zinaacha kuita.

"Na munafanya vile?"

"Hapana, Mama. Tukishachukua maji tunazimwagia javel."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia jinsi majirani wanavyopika.

"Basi sikia, Odette. Nadine alitoa, alitoa. Mi sitapita juu ya neno yake. Wende ufanye kazi yenu, Dokta apate majibu yake. Lakini kisha umusafishe. Umusafishe muzuri. Mi hapana kutaka kumuzika eko nalomba pumuzi."

Alizungumza juu ya ile chupa kama mtu. Sikumsahihisha.

Nikamwambia jambo moja zaidi, maana sikutaka adanganyike. Kwenye barabara ya Sandoa, kwenye joto lile, seli zitakufa kabla hajafika. Atazika chupa ya maji.

"Ku ile njia hata kuku inakufwa," alisema Mama. "Najua. Lakini atoke hapa na pumuzi."

Nadine alinyoosha mkono, akaushika wangu, akauacha.

Nilirudi maabara, nikavua viatu mlangoni, nikaingia. Nilimwambia Dokta chupa ni ya nani na inakwenda wapi baadaye. Nilimwambia nikiwa nimesimama wima kama mwanafunzi, nikingoja anieleze kwamba vitu vya maabara havitoki nje ya maabara. Alivua miwani, akakaa.

"Odette. Mbona haukusema?"

"Kamba haina jina, Dokta. Njo sheria yako."

Ilikuwa jeuri, na alistahili nusu yake tu. Alizitazama soksi zake. Nilijua kaka yake mkubwa alichimba zamani, kabla ya wote hawa, na aliacha kwa sababu ya kifua. Hakuwahi kulisema ila siku moja kwa bahati mbaya. Akasema kamba ni ya mama aliyeitoa, na akiitaka atarudishiwa, na chupa ataifunga yeye mwenyewe isivuje. Halafu akasema, "Mi niweke cobalt. Wewe ukae."

Nilikataa. Nilikuwa nimezitoa mimi kwenye kamba, nimezilisha mimi. Sikutaka mkono mwingine ndio uziambie hakuna hewa.

Kwa kuwa hakuna chupa ya pili, Dokta aliamua hii ijilinganishe yenyewe: nichukue kwanza maji yake ya leo, kabla ya kobalti, kesho nichukue ya baada. Alinung'unika kwamba ni jaribio lenye mguu mmoja, lakini ni bora kuliko kukosa. Nikaiweka chini ya darubini. Zilikuwa nzuri. Sijui nitumie neno gani jingine. Zimepangana bega kwa bega kama mawe yaliyotandikwa na fundi mwenye subira, hakuna pengo, hakuna iliyompanda mwenzake. Fiston hakuwahi kupanga kitu chochote vizuri maishani mwake.

Nilikaa mbele ya kabati la kazi, lile lenye feni inayosukuma hewa safi mbele yako ili vumbi lisiingie. Inanguruma mchana kutwa na huwa siisikii. Leo niliisikia. Mashine nzima, ya gharama, iliyotoka mbali, kazi yake kusukuma hewa juu ya chupa ndogo kama kiganja. Nikafyonza kobalti. Ikiyeyushwa ina rangi ya waridi nzuri kabisa, kama sharubati ya watoto siku ya komunyo. Nikatia matone, nikaitikisa chupa polepole yasambae.

Hakuna kilichobadilika. Hivyo ndivyo kobalti ilivyo, ukitazama huoni kitu. Mawe yaleyale, mpango uleule. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na mwenye glavu haruhusiwi kugusa uso, kwa hiyo machozi yaliingia kwenye barakoa na nikayaacha yaingie. Dokta alikuwa nyuma yangu. Alijifanya anatafuta kitu kwenye rafu, akakitafuta mpaka nilipomaliza.

Sasa ni usiku unaanza. Umeme wa Nzilo umekatika mtaa mzima, lakini kutoka hapa nilipokaa nasikia jenereta ya hospitali, na mlinzi ameniahidi kwamba ikikohoa tu atanipigia. Ndani, Mama amefua shati la Fiston la kuivika ile chupa, lile la mistari ambalo hakulipenda, na limeanikwa mlangoni linanidondokea begani. Nadine anambembeleza mtoto. Leo wanawake hawa wawili hawajaniuliza tena chochote juu ya mpira ule wala juu ya Kapend. Sijui kama nilifanya vizuri kusema. Mama alikula chakula chote usiku huu, jambo ambalo hajalifanya tangu afike, na huo ndio ushahidi pekee nilio nao.

Nafikiria zile seli. Najua hazijui kitu, mimi mwenyewe nimesema hivyo mchana. Hata hivyo nakaa hapa, hewa imejaa uwanja mzima, hewa ya bure, yenye vumbi lakini hewa, na ninapoivuta haifiki chini. Imekuwa hivyo tangu kiangazi. Daktari wa hospitali alinisikiliza kifua akasema ni kizima.

Kesho asubuhi nitaosha nywele, shangazi waseme watakavyo. Nitavua viatu mlangoni. Nitamwachia Dokta maji yake, kisha nitasuuza. Taratibu zetu zinasema mara mbili. Mimi nitasuuza mpaka moyo wangu uniambie basi, nitazipa chakula kipya, nitazirudisha kwenye kabati zikae mchana kutwa na usiku kucha zisifanye kazi ya mtu yeyote, zipumue tu, mpaka lori lije.

Munitumie pumuzi, alisema.

Imechelewa, Fiston, na haitakufikia wewe. Lakini kesho nitaipeleka.